Makofi ya Alfajiri

Pa. Pa. Pa-pa. Nyayo ndogo kwenye vigae vya jikoni, gizani.

Nilitoka kitandani bila kuwasha taa. Armelle, binti yangu wa miaka saba, alikuwa amesimama peku mbele ya friji, magoti ameyakunja na kuyafungua nje, ananisubiri. Nikaanza kumpigia makofi taratibu, na miguu yake ikaingia ndani ya makofi yangu kama mtu anayerudi kwenye ndoto aliyoikatiza.

Ndivyo tulivyofanya kila alfajiri ya baridi ile ya Sydney, kabla sijaenda zamu yangu kwenye nyumba ya wazee. Kwetu sisi Warundi, hata kule kambini nilikokulia, mtoto hachezi peke yake. Akicheza, unampigia.

"Mmeanza tena?" Arnaud, baba yake, aliguna chumbani. "Jirani atafikiri tunatwanga mihogo."

"Na yeye aje na mchi wake," nikamjibu.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya njuga. Wanafunzi wa Anti Revathi, mwalimu wake wa ngoma, hawajivalishi njuga za miguuni. Anakupa yeye, kwa mikono yake, akiona miguu yako imeiva. Ambaye yake haijaiva anangoja mwaka mwingine. Armelle alikuwa ameshangoja mmoja, na usiku alikuwa akicheza hata usingizini, shuka linatikisika.

Anti Revathi anafundisha ngoma ya kwao, India ya kusini, ndani ya gereji yake hapa Quakers Hill. Humo kuna harufu ya ubani na jasmini, na mwanga wa dirisha la juu unatandaa polepole kama maziwa kwenye chai. Yeye hukaa chini, anagonga kibao kwa kijiti huku mdomo ukiimba mapigo: tai-ya-tai, tai-ya-tai. Nikimsikiliza husahau niko nchi gani.

Armelle aligusa sakafu, akagusa macho yake, kuiomba ardhi radhi kabla ya kuikanyaga. Kijiti kikaanza. Akakanyaga, akapotea. Akaanza upya, akapotea tena. Alikuwa anatazama mikono yangu.

Anti Revathi akaweka kijiti chini. "Nani anampigia makofi nyumbani?"

"Mimi, Anti."

"Hebu piga."

Nikapiga makofi ya kwaya yetu, yale yanayoangukia kati ya pigo na pigo. Alicheka mpaka bangili zikalia.

"Mama Armelle! Wewe unapiga pale ninaponyamaza. Mtoto amejifunza kucheza kwenye kimya changu!"

Nilitamani ardhi ile tuliyoiomba radhi ipasuke inimeze. Armelle alikuwa anauma mdomo asilie.

"Anywe maji kwanza," Anti alisema. Kisha akashika mkono wangu, akanionyesha wasikilizaji wa kwao wanavyofuata: kiganja kinagusa paja, vidole vinahesabu kimyakimya, kiganja kinageuka kutazama juu. "Hii ni yako wewe. Yeye muachie miguu yake."

Kijiti kikaanza. Armelle aliiona mikono yangu imetulia mapajani, akafumba macho. Mapigo yakapita, mguu haukunyanyuka. Yakapita tena. Mungu wangu, nikaomba, angalau mguu mmoja.

Pa.

Kisha mwingine, na mwingine, juu ya pigo la kijiti hasa. Nilijaribu kumfuata kwa vidole nikapotea, yeye hakupotea. Ilikuwa kana kwamba gereji nzima imeng'oka, inaelea naye polepole juu ya mapaa ya majirani.

Ilipokwisha, Anti Revathi aliweka kijiti chini. Alichukua njuga kwenye sinia, akaziweka kwenye viganja vya Armelle, kisha akainama kumsaidia kuzifunga.

"Haya, kanyaga nazo."

Hatua ya kwanza ilimwaga sauti kama mvua ya ghafla kwenye bati. Furaha ikanipanda, na mikono yangu ikanyanyuka yenyewe, tayari kupiga.

Armelle, ambaye siku zote hunijibu kwa Kiingereza, akanigeukia na kusema kwa lugha yetu.

"Mama, nasikia mwenyewe."