Mguu Unaishia Wapi

Baba yake Nukta alikuwa fundi cherehani, na si fundi wa kuchezea. Tepu yake ya kupimia ilikaa shingoni tangu asubuhi mpaka usiku, na kama si mkewe kumpigia kelele angelala nayo. Mtaa mzima ulimwamini. Akikwambia kiuno kimeongezeka inchi mbili, basi kimeongezeka, nuna usinune. Kuna mama mmoja alinuna wiki nzima, kisha akarudi mwenyewe na kipande cha kitambaa cha kuongezea.

Kwa hiyo siku Nukta alipotangaza nyumbani kwamba anataka kununua pikipiki, baba mtu hakusema hongera wala hakusema utavunjika shingo. Alivua tepu shingoni.

"Simama wima nikupime mguu."

Nukta ni jina la nyumbani. Alipewa kwa sababu alikuwa mfupi, na nitakuwa mwongo nikisema alikuwa mfupi kidogo. Ana miaka ishirini na saba, na bado akienda dukani muuza duka huinama juu ya meza kuona nani anaongea. Lakini usimdharau. Alikuwa mchanjaji wa mifugo, na alikuwa anambana beberu kwa magoti, anamchoma sindano, anamwachia, na beberu mwenyewe bado anajiuliza aanze kulia au aache.

Kazi hiyo aliifanya kama kibarua kwa miaka mitatu. Vijiji vyake vilikuwa juu mlimani, kwenye njia ya mawe, matope na vijito viwili. Kila safari ilibidi akodi mtu wa kumpakia, yeye na kasha lake la barafu lenye chanjo. Wengine walifika nusu njia wakagoma, wakamwambia pikipiki yao haikuzaliwa iwe mbuzi. Basi anakaa juu ya jiwe, barafu inayeyuka, chanjo zinaharibika, anarudi mjini hajachanja hata kuku mmoja. Siku kama hizo alilia, na hakuona haya kulia.

Sasa Jumatano mkuu wa kituo cha mifugo akawaita vibarua wake.

"Njia ya mlimani inataka mtu wa kudumu," alisema. "Ajira kamili, mshahara kila mwezi. Jumatatu saa mbili asubuhi nataka kumwona mtu huyo hapa na pikipiki yake mwenyewe, inayopanda mlima. Sitaki ya kukodi."

Waliokuwa wanaitaka kazi hiyo walikuwa wawili: Nukta na mwenzake mmoja mrefu kama ngazi. Ngazi alikuwa na pikipiki tayari. Alikuwa pia anaogopa mbuzi, lakini hilo mkuu hakuliuliza.

Kuendesha Nukta alijua. Leseni anayo, alijifunzia pikipiki ndogo ya mjini, ile ya kupelekea vifurushi. Tatizo ni kwamba ile ya mjini mlimani haifiki, tumbo lake liko chini na tairi zake laini kama kisigino cha mtoto. Alihitaji ile ya lami na matope pamoja, yenye tairi za meno na shokapu ndefu za kumeza mashimo. Na pikipiki za namna hiyo, jamani, hutengenezwa kana kwamba wafupi hawana mahali pa kwenda. Mwezi uliopita aliijaribu ya kituo. Aliendesha vizuri kabisa mpaka getini, akasimama, akashusha mguu. Mguu ukatafuta ardhi, ardhi haikuwepo. Akaanguka taratibu, yeye na pikipiki, mbele ya wafugaji waliokuja na kuku wao. Hakuumia popote, ila kicheko kile kilimkaa masikioni.

"Sitini na tano," baba alisema, akaandika kwenye daftari. "Sentimita sitini na tano, mguu wa ndani. Pikipiki ikizidi hapo sana, hatununui. Piga ua."

Jumamosi waliondoka mapema, baba na binti, na akiba ya Nukta ya miaka mitatu ndani ya soksi ndani ya mkoba. Duka la kwanza lilikuwa na pikipiki mpya zinazong'aa. Ilikuwepo moja fupi, nzuri, Nukta akameza mate. Alipotajiwa bei aliyameza tena. Akiba yake ingenunua nusu yake, tena nusu ya nyuma.

Walipotoka hapo walikuta zilizotumika, bei nafuu, lakini ndefu. Baba alikuwa na utaratibu wake: hakuna kupanda kabla ya kupima. Anapiga goti, anaweka mwanzo wa tepu chini, anaivuta mpaka kwenye siti, anatikisa kichwa.

"Themanini na sita. Hapana."

"Baba, hebu nipande tu nione."

"Upande uanguke? Tepu haijawahi kunidanganya. Twende."

Kufika mchana walikuwa wamepima pikipiki tisa, na Nukta hakuwa amekalia hata moja. Miguu inamuuma, njaa inamuuma, na moyoni alikuwa ameanza kumwona Ngazi akipandisha mlima na kasha la barafu, huku mbuzi wakimkimbiza. Alitaka kucheka, ikashindikana.

Mahali pa mwisho palikuwa karakana ya Bi Spana. Huyu alikuwa mama wa makamo, mnene, mikono imejaa grisi hadi kwenye viwiko, na alikuwa akitengeneza pikipiki kuukuu na kuziuza. Kwenye kona ilisimama moja ya buluu iliyofifia, tanki lina kovu, tairi za meno zimebaki nzuri. Nukta aliipenda papo hapo. Sijui kwa nini, mapenzi ni mapenzi.

Bi Spana akamwelekeza bila kutia chumvi. "Kovu ni la ukuta, halina neno. Cheni nimebadilisha. Shika injini, baridi, sijaiwasha tangu jana ili muuzaji mwingine asikwambie nimekupashia moto kuficha ubovu. Piga kiki."

Nukta akapiga kiki akiwa amesimama pembeni. Ikawaka kwa mara ya pili, bila moshi. Pesa ya bei yake ilikuwemo ndani ya soksi, na ingebaki kidogo.

Baba tayari alikuwa amepiga goti. "Themanini na moja," alisema, akajiinua akijipangusa suruali. "Sitini na tano kwa themanini na moja. Pole, mwanangu. Twende nyumbani."

Nukta hakusogea. "Baba, Jumatatu ni keshokutwa."

"Najua."

"Hii ndiyo ya mwisho."

"Najua, mama. Nifanyeje sasa? Nikuvute miguu?"

Bi Spana alikuwa akifuta mikono, anawatazama kama mtu anayeangalia watu wanaotafuta miwani iliyo usoni. "Fundi mwenzangu," alisema, "hiyo sitini na tano umeipata wapi?"

"Nimempima mwenyewe."

"Hebu mpime tena nione."

Baba akaona hii ni dharau, lakini akampima. Akaanza juu, ndani ya paja, akateremsha tepu vizuri, kwa mkono ule ule uliopima suruali za mtaa mzima, na akaikomesha pale alipoikomesha miaka yote: vidole viwili juu ya sakafu.

"Hapo umesimamia nini?" Bi Spana akauliza.

"Mwisho wa mguu."

"Mguu unaishia wapi, fundi?"

"Unaishia suruali inapoishia! Ukifika chini kabisa, pindo linaburuta, linakanyagwa, linachanika. Kila fundi anajua."

"Kwani binti yako anasimama kwa suruali?"

Baba alitazama vidole vyake viwili, akatazama kisigino cha Nukta, akavivuta taratibu mpaka sakafuni. Sitini na tisa.

"Ongeza buti lake, sentimita tatu," Bi Spana alisema, sasa anacheka waziwazi. "Sabini na mbili. Na hiyo pikipiki umeipima tupu. Kiti cha sebuleni ndicho kisichozama. Binti, panda."

Nukta akapanda. Shokapu zikazama chini yake kama godoro linalomjua mwenyewe. Baba akapima tena: sabini na sita.

Bado miguu yake miwili ilining'inia. Akajisikia anakufa moyo. Bi Spana akampiga kofi la paja.

"Nani kakwambia unahitaji yote miwili? Sogeza kalio moja pembeni, shusha wa kushoto, wa kulia uache kwenye breki. Mmoja tu unatosha."

Akasogea. Ncha ya buti ikagusa sakafu, kidogo tu, kama mtu anayejaribu maji.

"Shokapu sikukatii," Bi Spana aliendelea. "Ukizifupisha, tumbo litakwangua kila jiwe la huko mlimani. Kilichobaki ni siti. Sponji ni nene na pana mno, inakutanua mapaja. Ikipunguzwa juu sentimita nne, na pembeni ikatwe iwe nyembamba, utakanyaga. Ila mimi sponji siiwezi. Nikiikata mimi utakalia matuta."

Nukta akamgeukia baba yake. Bi Spana naye akamgeukia.

"Mnaniangalia nini?" baba akasema, ila tayari alikuwa anabonyeza siti kwa dole gumba. "Hii ni kukata kiuno cha gauni tu."

Jumapili, pikipiki ya buluu imeshalipiwa, siti yake ililazwa juu ya meza ya kukatia, mahali panapolala suti za watu. Baba alichora sponji kwa chaki, akaikata kwa kisu cha mkate alichokinoa mara tatu, akaisugua kwa msasa mpaka ikawa laini. Nukta alikuwa anamshikia upande wa pili.

"Nilikuwa na miaka ishirini na minne," baba akasema ghafla, bila kuinua macho. "Nilikuwa na pesa ya pikipiki. Nilitaka niwe napeleka nguo kwa wateja, vijiji vyote vya huku. Nikajipima mguu nyumbani. Nikaenda kwa muuzaji, nikaipima pikipiki. Nikarudi."

"Hukuipanda?"

"Nipande nini? Tepu imeshasema." Akapuliza vumbi la sponji. "Nikanunua cherehani ya pili."

Nukta alifanya hesabu kichwani. Miaka thelathini na mitano, kwa vidole viwili. Baba yake alikuwa mfupi vilevile, huko ndiko yeye alikoutoa ufupi wake, na hakuwahi kumwona amekalia kitu chenye injini isipokuwa basi. Alimwonea huruma. Akamshika mkono ule wenye chaki.

"Shika sponji," baba akasema. "Ikipinda utaniharibia kazi."

Akaishona siti kwa ngozi ya plastiki nyeusi, mshono maradufu, uzi mwekundu.

Jumatatu saa mbili kasorobo Nukta alikuwa kituoni, kasha la barafu limefungwa nyuma. Mkuu akawaongoza mlimani na pikipiki yake mwenyewe, Ngazi na Nukta wakimfuata. Walivuka kijito cha kwanza, wakavuka cha pili. Kwenye mwinuko mkali kuliko yote, palipojaa mawe, mkuu aliiacha pikipiki yake, akapanda kwa miguu mpaka juu, akageuka.

"Njooni mmoja mmoja. Nikiinua mkono, simama hapohapo katikati. Kisha ondoka tena."

Ngazi alipita bila shida, na Nukta alimpigia makofi, maana hakuwa mchoyo. Kisha zamu yake. Gia ya kwanza, injini inanguruma, mawe yanaruka nyuma. Katikati kabisa mkono ukainuka.

Breki. Kalio pembeni. Mguu wa kushoto ukashuka, na kwa nusu sekunde akarudi pale getini, mbele ya wale kuku. Kisha buti likakanyaga. Ardhi ilikuwepo. Alisimama kwenye mwinuko ule na pikipiki yake na kasha lake, ametulia tuli, na kicheko kikamtoka cha sauti kubwa hata mkuu akakunja uso kuona kuna nini. Akaachia klachi, akapanda mpaka juu.

Huko juu kulikuwa na zizi. Mkuu akasema, "Haya, mbuzi ndio hao, chanjeni." Hapo Ngazi akakumbuka ana simu ya kupiga.

Nukta alirudi mtaani saa kumi, matope mpaka kwenye nyusi, barua ya ajira ndani ya soksi ile ile. Akapiga honi mbele ya duka la baba. Wateja walitoka, mama yake alitoka na mwiko, baba akatoka wa mwisho na tepu shingoni. Aliisoma barua mara mbili. Akaikunja vizuri, akaipa mkewe, akajifuta macho bila kujificha.

Nukta akashuka. "Panda," alimwambia.

"Nani?"

"Wewe. Injini nimezima."

"Acha utani, nina suruali ya mtu mezani." Lakini mguu wake ulikuwa umeshasogea. Akaishika siti aliyoishona mwenyewe, akapanda kwa kunung'unika, akavua tepu shingoni na kumkabidhi binti yake. "Nipime kwanza."

"Sikupimi. Sogeza kalio. Shusha mguu wa kushoto."

Baba akashusha mguu. Kiatu chake cha kazi kikagusa vumbi la mtaa ule aliokaa maisha yake yote. Akakitazama. Akakikanyaga tena, kwa nguvu, ahakikishe.

"Nakanyaga," alisema. Kisha kwa sauti ya juu, kwa mkewe, kwa wateja, kwa yule mama wa kiuno cha inchi mbili: "Jamani, nakanyaga!"

Nukta akaenda nyuma, akaegemeza mabega, akaanza kumsukuma. Barabara inateremka kidogo pale, pikipiki ikashika mwendo, na fundi cherehani wa miaka hamsini na tisa akapita mbele ya duka lake, viwiko nje, akiiga mlio wa injini kwa mdomo.

"Suruali yangu lini?" mteja mmoja akampigia kelele.

"Kesho!" baba akajibu bila kugeuka. "Sukuma, mwanangu, tufike hadi kona."