Fundi Rangi Hajaamua

Simu ya marehemu mume wangu naiacha kwenye chaji juu ya kabati la vyombo kwa sababu wateja bado wanampigia. Alikuwa fundi rangi. Mtu akipiga namwambia fundi amefariki, nampa namba ya mwenzake, nakata. Sina muda wa kulia na mtu anayetaka kupakiwa geti.

Jumamosi moja akapiga binti wa kampuni ya kukusanya maoni ya wapiga kura. Alimtaka fundi. Nikamwambia amefariki tangu mwaka jana, kabla hata kampeni hazijaanza. Akasema pole, kwa sauti ya mtu anayetazama kompyuta.

"Lakini mama, mwezi uliopita nimeongea naye. Na mwezi wa kabla yake. Nimemweka undecided."

Neno hilo la Kiingereza sikuhitaji kutafsiriwa: hajaamua. Nimelala nalo kitanda kimoja ndoa nzima. Nikamuuliza huyo aliyeongea naye alisema nini hasa.

"Nilimuuliza atampa nani kura yake. Akanijibu, 'Tuone kwanza.'"

Nikavuta kiti nikakaa.

Tuone Kwanza ndilo jina nililokuwa namwita nikiwa nimemchoka. Hata posa, mimi ndiye niliyemwambia alete wazee wake Jumapili, la sivyo tungekuwa wachumba mpaka leo. Ukuta wa sebule yetu una mabaka mawili ya rangi, moja bluu ya anga, moja krimu. Aliyapaka wiki tuliyohamia, akasema tuone zikikauka. Binti yetu akazaliwa, akasoma, akaolewa, nadhani zimekauka. Uchaguzi uliopita alikaa kwenye kile kibanda cha kupigia kura mpaka karani akaenda kuchungulia kama amezimia. Nilipomuuliza kampa nani, akasema alikunja karatasi tu, akaitumbukiza.

Alifia kwenye mlango wa uani. Alikuwa anatoka kwenda kununua mkate, akageuka kufuata sweta, akaghairi, akageuka tena, na moyo ukasimama hapo hapo. Nilimkuta kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Tangu tulipomzika, mlango huo haukubali kufungwa. Una komeo la chuma upande wa ndani. Upande wa nje ni ubao mtupu. Jioni nasukuma komeo, asubuhi nalikuta limevutwa na mlango uko nusu, haujafunguka wala haujafungwa, na jiko zima linanuka tapentaini. Nimebadilisha bawaba. Nimenunua komeo jipya. Seremala aliukagua juu mpaka chini, akasema mlango hauna tatizo, mama, labda nyumba, na chai niliyomwekea hakuimalizia. Mwisho nikauzoea. Nikipita na beseni la nguo nausogeza kwa mguu, namwambia nipishe.

Binti yangu hakuuzoea. Alikuja kwangu na mtoto wake mchanga ili apate nguvu, kama ilivyo kawaida mtu kurudi kwa mama yake. Siku ya pili alimkuta mtoto ametulia tuli, macho mlangoni, na mlango unakwenda mbele na kurudi nyuma bila upepo, kama mtu anayepima. Alifungasha akiwa na khanga yake ya kulalia.

"Simchukii baba," aliniambia. "Namwogopa. Akiwa humu, mimi na mwanangu hatulali humu."

Akahamia kwa mama mkwe wake. Mama mkwe ni mtu mzuri, sina ubaya naye, ila anamwogesha mtoto kama anasugua sufuria. Nilipokwenda kuwaona, mjukuu wangu alilia mikononi mwangu, akarudishwa kwa yule bibi mwingine, akanyamaza. Mama mkwe akacheka, akasema kameshaanza kuchagua. Mimi sikucheka. Niliona kabisa kwamba nikichelewa nitakuwa mgeni wa kupewa soda kwa damu yangu mwenyewe.

Ndiyo maana sikumfukuza yule binti wa maoni. Nilimuuliza atapiga tena lini. Akasema duru ya mwisho ni Jumamosi ya kabla ya kura, ila kama inanisumbua anaweza kumfuta fundi kwenye orodha. Nikamwambia asimfute. Apige, nitakuwepo.

Alipiga mchana, jua likiwa limejaa uani. Niliweka simu kwenye spika, nikaiegemeza kwenye kopo la sukari ikitazama mlango, nikakaa upande wa pili wa meza. Mlango ulikuwa nusu kama kawaida yake. Akaanza kusoma swali lake, kama uchaguzi ungefanyika leo, nikamkatiza. Mambo ya vyama ayaache. Amuulize fundi kama anakaa au anakwenda.

Akasema hawaruhusiwi kuuliza swali ambalo halipo. Nikamwambia na waliokufa hawaruhusiwi kupokea simu, kwa hiyo aulize tu, mwanangu.

Akauliza.

Mimi sikusikia jibu lolote. Mlango ulisogea kidogo, ukarudi. Tapentaini ikanipanda puani mpaka macho yakawasha.

"Mama," binti akanong'ona, "anapumua."

"Anasema nini?"

"Anasema... 'Wewe unaonaje, mama watoto?'"

Mtoto tunaye mmoja tu, lakini ndivyo alivyokuwa ananiita, na hakuna aliyemwambia binti huyo. Wewe unaonaje, mama watoto. Shati la kuvaa, jina la mtoto, shule, kiwanja. Nami jibu nilikuwa nalo kabla hajamaliza kuuliza. Safari hii nilitazama ule uwazi wa mlango, upana wa bega la mtu, nikaona kwamba mwaka mzima nimekuwa nikilala kwa kuusikiliza ukisogea, na kwamba usingizi mwingine sina.

"Mama? Nimjibu nini?"

Nikamfikiria mjukuu wangu akinyamaza kwenye mikono isiyo yangu.

"Mwambie mjukuu wake anakuja kesho," nikasema. "Mtoto mchanga hakai kwenye upepo, kwa hiyo mlango ufungwe. Yeye awe upande gani, hilo aamue mwenyewe. Mara hii moja, mimi simo."

Binti hakuhitaji kurudia. Mlango ulikwenda moja kwa moja bila kusita, ukafungwa, komeo likaingia. Harufu ikakatika, na simu nayo ikakatika. Niliendelea kukaa, mikono mezani, mpaka jua lilipohama uani.

Nilimpigia binti yangu kwamba mlango umefungwa, na kesho yake akashuka kwenye teksi na mtoto kifuani. Hakunisalimu kwanza, alipitiliza jikoni, akausukuma mlango kwa kiganja, kisha kwa bega. Haukutikisika. Akavuta pumzi puani kama anayenusa maziwa.

"Amekwenda?"

"Amekwenda," nikamjibu, nikampokea mtoto. Hakulia. Alinilalia begani, akasinzia.

Binti yangu alishusha mabegi, akaanza kuniuliza ukuta wa sebule tuupake rangi gani. Hakuuliza nani alisukuma komeo. Liko upande wa ndani, na mimi jana yake sikuinuka mezani.