Sakafu ya Baba Antoine

Siku Wivine na mumewe Alexis walipokwenda kuomba kupanga garaji, Mama Régine aliwavulisha viatu kwanza. Si mlangoni mwa nyumba yake, la. Mlangoni mwa garaji.

Wivine alivua ndala zake, akaingia na mtoto wao Bénie mgongoni, na alipoona kilichokuwa chini ya miguu yake akaelewa. Sakafu ilikuwa nyekundu, nyekundu ya pilipili iliyoiva, laini hata ukiinama unajiona meno. Marehemu mume wa Mama Régine, Baba Antoine aliyefanya kazi reli, alinunua ile rangi kopo kwa kopo, mwezi huu moja, mwezi ujao moja, akaichanganya na saruji na kuisugua kwa kitako cha chupa mpaka ikang'aa. Gari lake liliuzwa zamani, yeye mwenyewe amelala makaburini mwaka wa sita sasa, lakini kila Jumamosi mjane wake aliipaka nta ile sakafu kana kwamba mwenyewe atarudi jioni.

"Mi najua bamekanisie," Mama Régine alisema, akimtazama Alexis, fundi magari, kuanzia kucha zake nyeusi. "Tone moja ya mafuta hapa, munatoka. Siyo mbili. Moja."

"Mama, mafuta njo kazi yetu," Alexis akaanza, "lakini..."

Wivine alimkanyaga mumewe kidole. Mahali pa kwanza walipopanga walikuwa wamefukuzwa kwa sababu ya doa la mafuta lenye ukubwa wa sahani, na tangu siku hiyo Alexis alikuwa akitengeneza magari ya watu kando ya barabara, juu ya matope.

"Haitaanguka hata moja, Mama. Mi mwenyewe nitachunga."

"Weye? Na huyu mutoto mugongoni?"

"Na yeye atachunga, Mama."

Mama Régine akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichowapa garaji. Lakini kabla ya kutoa ufunguo akasema neno moja zaidi.

"Mwezi wa saba, Syntiche wangu anaolewa. Ni mwana wangu wa mwisho. Bandugu ya baba yake batatoka Mitwaba. Ile siku mutaondosha bintu byenu byote, bantu bacheze hapa. Antoine alitengeneza hii sakafu juu ya kuchezea ndoa ya batoto yake, na bale batatu bote bakaolewa mbali. Inabakia paka huyu tu."

"Batacheza, Mama," Wivine alisema.

Na alisema kweli ya moyo wake. Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua bado mbali kidogo. Alizunguka madukani kuomba makatoni ya sukari na ya biskuti, akayatandika kwanza, moja baada ya jingine, turubai lisije likaikwaruza nta. Juu ya makatoni akalaza turubai zito la buluu, pembe zote zikabanwa na matofali. Juu ya turubai akamwaga vumbi la mbao alilopewa na seremala, linywe mafuta yanayodondoka. Chini ya kriki ya kuinulia magari aliweka ubao. Mafuta machafu yaliyotolewa kwenye moteri za magari yaliingia beseni, yakatoka beseni yakaingia pipa, na pipa lilikaa nje, nyuma ya ukuta, na mfuniko wake. Kila jioni kabla ya kwenda kwenye darasa lake la jioni alifagia vumbi lililolowa na kumwaga jipya. Turubai tu ndilo asiloligusa. "Tukilifunua kila siku," alimwambia Alexis, "uchafu wa juu utaingia chini." Neno la maana kabisa. Alexis alilikubali.

Wateja walilicheka lile turubai. Katongo, dereva wa teksi, alisimamisha gari lake mlangoni asithubutu kuingia.

"Ba Alexis, hapa ni garaji ao ni altari? Nilete gari ao nikuje kuungama?"

"Ingiza, bwana. Lakini gari yako ivue biatu kwanza."

Mvua ilikuja, ikanyesha kama inavyonyesha huku, ikapita chini ya mlango ikajificha chini ya turubai. Wivine alipangusa maji ya juu. Ya chini hakuyaona.

Basi mwezi wa pili, asubuhi moja, alisogeza sanduku la spana na kuona ukutani uzi wa udongo, mwembamba kama kamba ya kiatu, ukipanda kutoka sakafuni. Wivine alizaliwa Lukafu, nchi ya vichuguu. Mtoto wa Lukafu hafundishwi mchwa. Alijua ule uzi ni nini, alijua pia kwamba unaouona ukutani ni ncha tu ya kidole, mkono wenyewe uko chini.

Alikuwa amesimama hivyo, ufagio mkononi, Mama Régine akaingia na simu yake, anacheka peke yake.

"Mama Bénie! Bamekubali! Bandugu yote ya Mitwaba, bantu makumi ine! Banataka kuona sakafu ya Antoine, banasema baliisikiaka tu!" Akamshika Wivine mkono, akamzungusha juu ya vumbi la mbao. "Na weye, mwana wangu! Hata tone moja! Sikufikiria."

Wivine alizunguka naye. Kila mzunguko uliporudi upande wa ukuta, aliuwekea mgongo, ili Bénie na kitenge vifiche ule uzi. Mama Régine alipotoka, akaufagia.

Kesho nitamwambia, alisema moyoni.

Kesho yake uzi ulikuwa umerudi. Akaufuta kwa kitambaa chenye petroli. Jumamosi nitamwambia. Jumamosi wakaja wakwe na mbuzi, nani aseme mambo ya mchwa mbele ya wakwe? Mara ya tatu alipoufuta, haukurudi tena. Wivine akajipa moyo: wamehama. Hakutaka kujiuliza kwa nini mdudu mwenye chakula tele chini ya turubai asumbuke kupanda ukuta.

Siku mbili kabla ya ndoa, Alexis alitoa magari yote. Mama Régine alishakaa kwenye kigoda mlangoni, pekupeku, kopo la nta magotini, brashi mkononi. Alikuwa anaimba chinichini. Alexis alishika pembe moja ya turubai, Wivine pembe nyingine, wakavuta.

Makatoni yalikuwa bado na umbo la makatoni. Wivine alipogusa moja, likamwagika. Halikuwa katoni tena, lilikuwa udongo uliosimama mahali pake. Alexis akalisogeza kwa mguu, na chini yake hakukuwa na tone la mafuta, hata moja. Kulikuwa na vijia vya udongo, huku na huku kama mishipa ya mkono wa mzee, na nyufa, na wekundu uliopauka. Akapiga hatua moja katikati, mahali magurudumu yasipokanyaga. Sakafu ikatoa sauti ya sahani inayovunjika, mguu wake ukazama mpaka kifundoni, maana udongo chini ya saruji ulikuwa umechimbwa wote. Ndani ya shimo mchwa weupe walikimbia mwanga.

Mama Régine aliacha kuimba. Aliweka kopo chini, akapiga magoti, akagonga sakafu kwa kidole, mahali hapa, mahali pale, kama mtu anayebisha hodi katika nyumba asiyojua kama wenyewe wamo. Karibu kila mahali iliitika tupu.

"Balianza siku gani?" aliuliza.

"Mama, hatukujua," Alexis alisema. "Nakuapia, hatuku..."

"Mwezi wa pili," Wivine alisema. "Mi nilibaona, Mama. Nilibafagia."

Alexis aligeuka kumtazama. Hata yeye hakuwa ameambiwa.

"Juu ya nini haukuniambia?" Mama Régine aliuliza.

"Ulikuwa na furaha. Na niliogopa utatufukuza."

"Kwa muchwa?" Sauti ya Mama Régine haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mshangao, na Wivine angependa zaidi iwe ya hasira. "Mwana, muchwa iko ku kila nyumba ya Lubumbashi. Nilisema mafuta. Nilisema muchwa?"

Halafu akanyoosha brashi kuelekea nje, nyuma ya ukuta.

"Unajua Antoine alikuwaka nafanya nini? Kila mwaka, mbele ya mvula, alikuwa nachukua mafuta ya zamani ya gari, ile machafu, anaimwanga inje, pa muguu ya ukuta, yote kuzunguka. Muchwa haipitake pale. Tangu alikufa, mi nilisahau. Nilikuwa nachunga paka nta tu." Akafuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Ungesema tu 'muchwa', ningekumbuka."

Wivine hakuhitaji kugeuka. Alilijua lile pipa. Lilikuwa limejaa mpaka shingoni, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akilifunga kila jioni, kwa uangalifu, lisimwagike hata kidogo karibu na ukuta.

Ndoa ya Syntiche ilichezwa uani, juu ya udongo. Watu wa Mitwaba walicheza vizuri, vumbi likapanda mpaka magotini, na alipoulizwa habari ya sakafu, Mama Régine alijibu, "Iko mugonjwa," akaendelea kugawa vinywaji. Wivine alipika bukari, ule ugali wa huku, tangu asubuhi. Hakuna aliyemsema. Mchana ulipokuwa unageuka, aliwaona Mama Régine na bibi harusi wakifungua mlango wa garaji na kuacha viatu nje. Kwenye kona moja kilibaki kipande kizima, upana wa mkeka, alichokipaka nta Wivine jana yake. Walicheza pale wawili, wimbo mmoja. Wivine alisimama karibu na sufuria, hakusogea. Si mahali pake.

Hawakufukuzwa. Hilo ndilo Wivine asilolitegemea, na ndilo lililomchoma muda mrefu. Mama Régine alisema tu, "Mutengeneze sakafu na simenti ya kawaida. Nyekundu hapana."

Mwezi wa kumi, mawingu ya kwanza yalipojikusanya, Wivine alifungua pipa. Bénie alikuwa anatembea sasa, anamfuata na kopo tupu. Mama yake alianza kumwaga mafuta nje, kwenye mguu wa ukuta, kidogokidogo, mkono ukiogopa kama ulivyozoea kuogopa.

Dirisha likafunguka juu yake.

"Usiihurumie, Mama Bénie," alisema Mama Régine. "Imwange yote."

Akamwaga.