Maoni ya Mzee Mtaalamu

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwa wakubwa na wadogo kwamba bendi yetu, iliyokamilika kwa idara zote, ilizindua upya nyimbo zake za kutunga yenyewe mbele ya hadhira ya kuheshimika. Hadhira ilikuwa shangazi yangu, cherehani zake tatu na mteja aliyefuata suruali. Idara zote zilikuwa watu watatu. Mteja aliondoka kabla ya kibwagizo cha kwanza, na ile suruali hata hakuijaribu.

Tulifanyia mazoezi kwenye chumba cha ushonaji cha shangazi, maana nilikuja kwake kwa likizo. Binti yake, ambaye mtaa mzima unamwita Kipaza, ndiye mtunzi na mwimbaji. Kijana wa jirani, Shoti, alipiga gitaa. Jina alilipata siku gitaa lilipomrusha kwa umeme. Mimi nilipiga ngoma, kazi ya wenye subira.

Jumamosi tulitakiwa kupiga kwenye ukumbi wa mtaa. Mara ya mwisho tulipopiga pale, likizo iliyopita, watu walicheka, tena kwenye wimbo wa huzuni. Kipaza alijifungia bafuni mpaka mama yake akatishia kuung'oa mlango. Alipotoka aliapa kwamba akichekwa tena, hataimba maisha yake yote.

Kwa hiyo tulihitaji mtu wa kutuambia ukweli. Ukweli tuliukosa kama maji ya bomba.

"Mama, tuambie bila kuficha," Kipaza aliomba.

"Nzuri, wanangu. Mmekula?"

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alisikiliza rekodi yetu huku mashine ikinguruma juu ya kichwa cha mteja. "Mko juu, vijana!"

"Kipi kimekupendeza?"

"Vyote."

"Na kibaya?"

"Hakipo, mdogo wangu. Mzee, inamisha shingo."

Baba mdogo naye tulimtumia wimbo mrefu kwenye simu. Kabla hata wimbo haujafika katikati, akaturudishia kidole gumba.

"Wanatusifu kama marehemu!" Kipaza alifoka, akapiga meza ya kukatia nguo hadi pini zikamwagika. "Hakuna hata mmoja aliyesikiliza!"

Mimi nilikuwa nimesikiliza. Kibwagizo cha "Moyo Wangu Una Kutu", wimbo uleule uliochekwa, kilirudiwa mpaka kutu yenyewe ikachoka. Lakini nilikuwa nakula kwenye sahani za mama yake, na mimi si mwehu.

Hapo ndipo Mzee Mtaalamu alipozaliwa. Shuleni bweni zima linanijua kwa kuiga sauti ya makamu mkuu wa shule. Tena nina laini ya simu ambayo nyumbani hawaijui, maana shuleni simu ni haramu na haramu haitangazwi. Niliwaambia wenzangu kwamba nimempata mzee mstaafu aliyerekodi bendi nyingi, mkali wa ulimi, anayejibu kwa ujumbe wa sauti tu. Kipaza alimtumia rekodi siku hiyohiyo. Nami nikajibanza nyuma ya tangi la maji, nikaziba mdomo kwa kipande cha bitana, nikatoa hukumu.

"Binti, sauti unayo. Lakini kibwagizo unakirudia kama mtu anayebisha hodi nyumba iliyohamwa. Punguza. Na wewe wa gitaa, nyuzi zinawekwa sawa kabla ya wimbo, si wakati wa wimbo."

Nilitegemea machozi. Kipaza alisikiliza, akarudia kusikiliza, uso ukamng'aa.

"Huyu ndiye mtu! Huyu katusikiliza!"

Alipunguza kibwagizo, na wimbo ukanyooka. Nilitembea siku nzima kama daktari bingwa.

Siku chache baadaye simu ya siri ilitetemeka ndani ya soksi yangu. Nilikimbilia nyuma ya tangi.

"Shikamoo, mzee. Nina swali, naomba libaki kati yetu. Mpiga ngoma wetu ni mtoto wa mjomba wangu. Akipandwa na furaha anakimbiza mdundo, nami naishiwa pumzi nikimfukuzia. Nashindwa kumwambia, atanuna. Au nakosea mimi?"

Nilinuna.

Kisha nikajibu kwa ghadhabu kiasi kwamba bitana ilidondoka. "Umekosea sana, binti! Kijana huyo ndiye uti wa mgongo wenu, ana kipaji adimu! Kama ngoma inasikika vibaya ni kwa sababu ngozi imechanika na ameibandika plasta. Mtu afanyeje na ngoma ya plasta?"

Kesho yake nilimkuta Kipaza amekaa juu ya meza ya kukatia, simu mkononi. Shoti alikuwa akikaza nyuzi bila kuniangalia.

"Mzee ana masikio makali," alisema Kipaza.

"Wataalamu, dada."

"Kasikia plasta."

"Uzoefu huo."

"Plasta umebandika jana asubuhi. Rekodi tulimtumia wiki iliyopita."

Shoti alicheka mpaka uzi mmoja wa gitaa ukakatika.

"Kwa hiyo nabisha hodi nyumba iliyohamwa?" aliuliza Kipaza.

"Kidogo tu. Na wewe, si ungeniambia mimi mwenyewe?"

"Na wewe je?" Hakuwa anacheka. "Nilimwamini yule mzee. Ndiye peke yake niliyemwamini. Sasa nani ataniambia kama wimbo umepona? Keshokutwa ndiyo Jumamosi. Atakayesimama mbele ni mimi, wewe unajificha nyuma ya ngoma."

Niliitoa simu ya siri kwenye soksi, nikaiweka mezani mbele yake.

"Umepona," nilisema. "Haki ya Mungu, umepona. Na siku ile ukumbini hawakuucheka wimbo, waliicheka ngoma yangu. Niliukimbiza mdundo, wewe ukawa unaimba huzuni kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Niliwasikia wanaanza kucheka, nikazidisha mwendo ili tumalize upesi. Ulipojifungia bafuni nilikuwa nimesimama palepale mlangoni. Nilitaka kukwambia. Nikaona afadhali ufikiri kosa ni la wimbo wako."