Ukuta wa Upande wa Mto

Jérôme alipojenga nyumba yake Kisangani, aliijenga kwa kichwa cha Butembo. Huko kwao milimani, ambako asubuhi watu hutoka na masweta, nyumba nzuri ni ile inayobana joto: madirisha madogo, dari ya chini, kuta nene. Basi akaichukua nyumba ya baba yake kama ilivyo, akaisimamisha karibu na mto, na joto la Kisangani lilipoingia halikuona pa kutokea. Mkewe Claudine, mtoto wa wavuvi wa Yanonge, alimwonya tangu msingi. Akaambiwa mambo ya ujenzi awaachie wanaume.

Haya, wanaume wakajenga. Nguo zikaota ukungu kabatini, chumvi ikageuka maji, kuta zikatoa jasho kuliko wenyewe. Jérôme, ambaye biashara yake ya jumla ilikuwa ikimwendea vizuri, akanunua klima, mashine ya kupoza hewa. Umeme ukiwapo, sebule ikawa Butembo kweli. Umeme ukienda, na hapa huenda unavyotaka, unyevu wote ulibaki ndani pamoja na watu.

Aliyeumia zaidi ni Papa Elisée, baba yake Claudine. Mzee alikuwa ameletwa mjini kwa sababu ya kifua chake, awe karibu na daktari. Sasa mashine ikiwaka anatetemeka, ikizimika anatafuta pumzi. Asubuhi moja Claudine alimkuta kibarazani, mfuko wake umekwisha fungwa.

"Mutoto yangu, miye narudia Yanonge," mzee alisema. "Baleinière inatoka leo."

"Na munganga, papa?"

"Munganga ananipatia pumuzi, nyumba inainyanganya. Heri nikufe kwenye upepo."

Claudine alikasirika. Kule hapakuwa na daktari wa kifua, na kumwacha mzee apande ile boti ni kumzika akiwa bado anatembea. Akaingia ndani kwa mumewe, aliyekuwa anamalizia chai, akamwita kwa jina la binti yao.

"Papa Chimène, tufungue hii ukuta ya upande ya mto. Upepo iingie."

"Upepo ya mto inaleta magonjwa, na ba-voleurs ya kutuibia pia," Jérôme alijibu. "Bon, nitanunua groupe ya kutoa umeme, klima itatembea siku yote. Nyumba yangu haibomolewi."

"Papa anaenda leo."

"Alors, umwambie avumilie."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jérôme mwenyewe alishinda dukani, milango miwili wazi, upepo ukimpuliza toka asubuhi hadi jioni. Akaondoka zake. Claudine hakumaliza hata kutoa vikombe mezani, akamwita Bilali, mwashi aliyeijenga nyumba hiyo.

Bilali alikuja, akaupapasa ukuta, kisha akaiweka nyundo chini. Alikuwa na desturi yake: nyumba inayokaliwa na watu, pigo la kwanza ni la mwenyewe, ili lawama isimwangukie fundi.

"Mama, tungojee patron," alisema. "Yeye njo mwenye nyumba."

"Na miye niko nani hapa? Leta marteau."

Liwalo na liwe. Claudine alikaza kitenge kiunoni, akapiga. Lipu ikaruka. Akapiga tena na tena, mikono ikimwuma, mpaka tofali likadondokea nje, na upepo ukaingia na harufu ya matope na samaki. Bilali akacheka peke yake, akaipokea nyundo.

Majirani hawakukawia kupeleka habari. Jérôme alifika amepakiwa nyuma ya toleka, akashuka kwenye baiskeli kabla haijasimama. Alikuta tundu la ukubwa wa mlango na sebule nzima nyekundu kwa vumbi.

"Mama Chimène, unabomoa nyumba yangu?"

"Niko nafungua nyumba yetu."

Alitaka kufoka. Lakini alikuwa amesimama sawasawa na lile tundu, na upepo ukamwingia ndani ya shati na kumkausha jasho la shingo. Akasogea pembeni asionekane kuufurahia. Claudine alimwona.

"Haijaisha," alimwambia. "Upepo ikiingia, inatafuta kwa kutokea. Ile ukuta ingine pia."

Wote wakageuka kuutazama ukuta wa pili. Klima ilikuwa inaning'inia hapo, nyeupe, karatasi ya dukani haijabanduliwa.

"Ile haiguswi," Jérôme alisema.

Claudine alimpokonya Bilali nyundo, akavuka sebule, akasimama chini ya mashine. Hakupaza sauti.

"Papa yangu hatakufa mu baleinière sababu ya hii kitu. Utaitoa weye, ama niipige pamoja na ukuta?"

Nje honi ya boti ikalia. Papa Elisée alikuwa amesimama upande wa mto, mfuko begani, akichungulia ndani kupitia tundu. Jérôme alimtazama mkwewe, akamtazama mkewe, nywele zake zimejaa vumbi na nyundo imekwisha inuliwa. Alimjua mwanamke huyu. Angepiga.

Akavua koti.

"Bilali," alisema, "tournevis ya kufungua hii klima iko wapi?"

Honi ikalia mara ya pili. Mzee hakuzunguka hadi mlangoni, aliingia kwa lile tundu. Akatua mfuko, akakaa chini penye upepo, akavuta pumzi moja ndefu.

"Baleinière iende tu," alisema.