Kuonja Chumvi

Daktari wa upasuaji alipomuuliza dada yangu kama anakula samaki mbichi, dada alimjibu, "Kwani mimi paka?" Wodi nzima ikaangua kicheko. Daktari hakucheka. Macho ya dada yalikuwa ya njano kama binzari. Mrija wa nyongo umeziba, daktari akasema, na alishuku uvimbe. Kesho mchana wangempasua.

Mimi nafanya kazi kwenye maabara ya samaki. Nabana minofu ya samaki wa mtoni kati ya vioo viwili, natafuta vifuko vya minyoo bapa kwa hadubini. Minyoo hiyo huanzia kwa konokono, huhamia kwa samaki, kisha humalizikia kwenye ini la anayemla mbichi. Huyo wa mwisho tunamwita mwenyeji. Dada hulicheka sana neno hilo. "Mwenyeji gani hata karibu hajasema?"

Kwa hiyo minyoo niliiwazia mapema, nikaifuta akilini. Dada anauza vibonge vya samaki, na hukaanga mpaka viwe vyeusi. Ndiyo ugomvi wetu wa siku zote.

Siku ya upasuaji nilipita kwake asubuhi kumchukulia nguo. Jikoni nilimkuta mkwe wake, mke wa mwanawe, anakanda samaki wa kusaga kwenye beseni. Akachovya kidole, akakilamba.

"Bado chumvi," akasema.

"Unafanya nini wewe?"

"Si naonja, mama mdogo! Mama ndivyo alivyonifundisha. Ukishakaanga, chumvi utaiongezea wapi?"

Nilichukua kipande ambacho hakijasagwa, nikakimbilia maabara. Vifuko vilikuwa vimejaa kwenye kioo, na ndani ya kimoja mnyoo ulikuwa unajigeuza taratibu, mzima kabisa. Nilimpigia daktari simu. Haikupokelewa. Nikapiga tena njia nzima ya kwenda hospitali, huku nikimlaani kila aliyenizuia barabarani.

Nilimkuta dada mlangoni mwa chumba cha upasuaji, juu ya kitanda cha magurudumu.

"Daktari, subiri! Anakula samaki mbichi!"

"Muongo huyo!" dada akafoka. "Mimi naonja tu."

Daktari akashusha barakoa. "Unaonja lini?"

"Kila nikikanda. Tangu naanza biashara. Lakini wewe uliniuliza kula, hukuniuliza kuonja."

Upasuaji ukasimamishwa, muuguzi akaleta kikopo cha kupimia choo. Tulingoja kwenye benchi, dada akiwa amenishika mkono, mimi nikiogopa kumtazama. Majibu yalipokuja, yalikuwa mayai ya minyoo tele. Daktari alisema uvimbe bado hajauondoa mawazoni, ila kisu kitangoja, wataanza na dawa. Nililia palepale mbele za watu, wala sikuona haya.

"Na wewe, ndugu yake?" daktari akaniuliza. "Unakula samaki mbichi?"

"Mimi? Hata siku moja!" nikajibu, tena kwa maringo. "Kazi yangu ni kuitazama minyoo hiyo."

Dada akanigeuzia yale macho ya njano. Safari hii hakuwa na utani.

"Mdogo wangu," akasema polepole, "chumvi ikinishinda, huwa namwita nani aje anionjee?"

Muuguzi hakusubiri jibu langu. Alikwenda akaleta kikopo kingine.