Rungu la Mkole

...au amwambie ndiyo na yaishe, ndiyo kaka, chonga, rungu ni lako, hata dadu tusirushe, nani atauliza, kanuni zote ziko kichwani mwake Benadetha, kitabu chenyewe kilirudi Ulaya na mwalimu wa kujitolea aliyewafundisha mchezo huu chuoni, mchezo wa kukaa mezani na kuwa watu wengine, huyu shujaa, yule mganga, na yeye Benadetha msimulizi, mwenye kusema pango liko wapi na nani amekufa, ndiyo, rahisi tu, neno moja, lakini dadu zimeanza kulowa jasho kiganjani mwake na ng'ambo ya meza kaka yake Januarius anangoja, mkono wa kushoto mezani, na wa kulia... wa kulia unaishia kwenye kifundo, umefichwa ndani ya shati la mikono mirefu hata kwa joto hili la Bariadi, na alichouliza ni hiki tu, “Mtu wangu na yeye ana mkono mmoja. Kanuni inamruhusu kuchonga rungu?” na binamu yao Luhende, ambaye hajawahi kufunga mdomo hata kanisani, anazitazama dadu tu. Nje lori linapita na kipaza sauti, leteni pamba, pesa taslimu, leteni pamba, tangu watu binafsi waruhusiwe kununua msimu mzima ni makelele haya, ndiyo yaliyomtoa Januarius kwenye karakana yake ya vitanda, akasema kiwandani kuna mshahara, na mashine ya kuchambua pamba ikamrudisha hivi, na tangu siku hiyo hajaomba kitu, hata chumvi, Mayu humsogezea chumvi kwa kubahatisha, mama mzima anamsoma mwanawe usoni kama anasoma mawingu... mpaka Benadetha alipokuja likizo na mchezo wake, na Luhende akamwita kaka yao aliyekuwa amewapa mgongo, “Njoo ukae, kaka, hapa hata maiti wanacheza, mimi mwenyewe nilikufa jana,” naye akacheka, asante Luhende, asante kwa mdomo wako mchafu, akacheka na akavuta kigoda, na sasa wako mbele ya pango, ndani yake joka lisiloingiwa na chuma, linaloingiwa na mti tu, na kanuni za silaha za mti ni hizi, mti mbichi huvunjika pigo la kwanza, mti laini hupunguza nguvu, mti mgumu ukaushwe kwanza juu ya moshi, na mchongaji awe na mikono miwili na dadu zake zifike saba, mikono miwili, mbona alisema mikono miwili... “Bena,” Luhende anasema taratibu, “joka limeshaanza kukoroma, amua,” nisubiri, nisubiri kidogo, dadu zenyewe ni za mninga, Januarius alizichonga kwa mabaki ya kitanda cha bwana harusi, za kuchezea ludo, siku hizo Benadetha bado mdogo, amekaa kwenye maranda yanayonukia, akimwangalia kaka anachonga mwiko wa Mayu, anachonga vipi, ameketi chini, kipande cha mti amekibana kwa nyayo zake mbili, shoka dogo mkono wa kulia, na wa kushoto... wa kushoto ulikuwa na kiazi kitamu, alikuwa anakula, “Kushika ni kazi ya miguu, Bena, mkono mmoja wa kazi, mmoja wa kiazi,” mikono miwili ilitoka kitabuni, kwa watu wenye jiliwa la kubania mti na benchi, haikutoka hapa... na jikoni sauti ya Mayu inakuja na moshi, “Nani kaniwekea mti wa mkole juu ya meko? Na kaukata vibaya, kama umetafunwa na mbuzi,” na Luhende anasema si mimi, mayu, mimi ni marehemu, lakini macho ya Januarius hayatoki kwa Benadetha, na Benadetha anainamisha yake asilie mbele yao, anayapeleka chini ya meza, na pale chini ndala mbili zimekaa peke yake, na nyayo za kaka yake zimeubana mguu wa meza, zimeubana barabara, zinajaribu... ee Mungu, asante, umetafunwa na mbuzi, asante, ni kaka aliyeukata mkole ule kwa mkono wa kushoto, ameutundika, anangoja ukauke, na anayetaka kuhurumiwa haulizi kanuni inasemaje, basi si ndiyo ya bure, angeitupa, angejua, bali ndiyo yenye uzito wake, miguu ishike, mkono wa kushoto uchonge, na kwa kuwa bado haujazoea dadu zisifike saba, zifike kumi, kumi, kaka, na zikikataa mti umeharibika, unakwenda kukata mwingine, na mwingine, na mimi nipo mpaka likizo iishe... Nje lori limesharudi, leteni pamba, Luhende anagonga meza kwa kidole, Januarius anangoja, dadu bado ziko kiganjani mwa Benadetha, na neno limeshafika kwenye ulimi.